Programu Tunazijua, Mafaili Yanatupotea: Kompyuta Katika Soko la Chepilat

Chepilat ni soko la mpakani. Barabara itokayo Kericho kupitia Litein, Kapkatet na Sotik hulifikia kabla ya kuendelea Keroka na Kisii. Upande mmoja ni Sotik katika Kaunti ya Bomet, upande wa pili ni Borabu katika Kaunti ya Nyamira. Mkipsigis na Mgusii hukutana hapo kuuza na kununua, na mara nyingi Kiswahili ndicho kinachowapatanisha bei. Pande zote mbili ni nchi ya majani chai na ng'ombe wa maziwa. Katika masoko ya aina hii, duka la saiba ndilo ofisi ya watu wasio na ofisi: hapo mkulima huchapisha barua, mwalimu hutuma fomu, katibu wa chama huandika kumbukumbu za mkutano, na mwanafunzi huomba nafasi ya chuo.

Swali la uchambuzi huu ni hili: kwa nini watu waliosomea kompyuta, wenye vyeti vyake, bado hupoteza barua, hesabu na hati walizoziandika wenyewe? Jibu langu ni kwamba tumefundishwa kutumia programu bila kufundishwa kutunza mafaili. Ni mambo mawili tofauti, na la pili ndilo linalogusa mali, haki na siri za watu.

Kompyuta moja, watu wengi

Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba ni asilimia 8.8 tu ya nyumba nchini Kenya zilizokuwa na kompyuta, iwe ya mezani, ya kubebeka au kishikwambi. Miongoni mwa watu wa umri wa miaka mitatu na zaidi, asilimia 10.4 ndio waliokuwa wakitumia kompyuta, ilhali asilimia 47.3 walikuwa na simu ya mkono. Maana yake ni kwamba kwa Wakenya wengi kompyuta ni ya kuazima. Ni ya saiba, ya shule, ya kazini au ya jamaa.

Wakati huohuo huduma za serikali zimehamia kwenye mtandao. Mfumo wa iTax wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, ulianza kutumika kuanzia mwaka wa 2013, na kila mtu binafsi mwenye PIN anatakiwa kuwasilisha ripoti ya ushuru kufikia tarehe 30 Juni. Wanaotafuta nafasi za vyuo huziomba kwa KUCCPS, na wanaotafuta mkopo wa masomo huenda HELB, kote huko kwa njia ya mtandao. Mwaka wa 2023 serikali ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimeingizwa katika eCitizen. Kila moja ya huduma hizi hudai faili: nakala ya kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, picha, fomu ya P9, risiti.

Pembeni mwa mpaka mzigo huongezeka. Mwenye duka upande wa Bomet hulipia leseni ya biashara Bomet. Jirani yake wa upande wa Nyamira hulipia Nyamira. Mtu anaweza kuishi upande huu na kuwa na shamba upande ule. Hati zake ni za kaunti mbili, na asipozitenganisha mapema, siku ya kuzihitaji atahangaika nazo.

Pakeji na pengo lake

Kijana akimaliza kidato cha nne, akiwa bado anasubiri matokeo ya KCSE, wazazi wengi humpeleka kusoma kompyuta. Kozi yenyewe tunaiita pakeji. Huanza na utangulizi na Windows, kisha Word, Excel, PowerPoint, Access na Publisher, halafu intaneti na barua pepe. Mwishoni hupewa cheti.

Kozi hiyo ina faida kubwa na sitaki kuidharau. Imewafungulia vijana wengi wa vijijini mlango wa kazi. Lakini mpango wake unafuata programu moja baada ya nyingine. Kila somo hufungua programu, hufanya zoezi, huifunga. Faili la zoezi halina maisha baada ya kipindi: hakuna anayelitafuta mwezi ujao, hakuna anayelituma popote. Kwa hiyo mwanafunzi hutoka akijua kukoza herufi na kuchora jedwali, na ukimuuliza barua aliyoandika iko wapi, hujibu, "Iko kwenye Word."

Jibu hilo ndilo kiini cha tatizo. Barua haiko kwenye Word. Iko kwenye diski, ndani ya folda fulani, kwa jina fulani, na Word ni chombo cha kuifungulia tu. Programu nyingine, kama LibreOffice, inaweza kuifungua vilevile, na hata simu inaweza. Programu ikiharibika huwekwa upya kwa saa moja. Hesabu za chama za miaka mitano zikipotea, hakuna duka linalouza nyingine. Anayeelewa tofauti hiyo huanza kuuliza maswali sahihi kila anapohifadhi kazi: naiweka wapi, naiita nani, na nakala yake nyingine iko wapi?

Mfano mzuri ni iTax yenyewe. Kwa miaka mingi mlipa ushuru alipakua fomu ya Excel, akaijaza nje ya mtandao, akabonyeza kitufe cha kuihakiki, na fomu ikazaa faili la zip la kupakiwa kwenye mfumo. Waliokwama hapo hawakukwama kwa kutojua Excel. Walikwama kwa sababu faili la zip lilihifadhiwa mahali ambapo hawakupachagua wala kupaona.

Kila kazi na programu yake

Hata hivyo, kuchagua programu inayofaa ni nusu ya mpangilio. Chukua mfano wa mkulima mdogo wa chai aliye chini ya shirika la KTDA: hupeleka majani kituoni, yakapimwa kwa mizani ya kielektroniki, naye akapewa risiti. Kila mwezi hulipwa kiwango cha awali kwa kilo. Mwaka wa hesabu ukishafungwa tarehe 30 Juni, hulipwa malipo ya mwisho ambayo sote tunayaita bonasi, kwa kawaida karibu na mwezi wa Oktoba. Nyumba nyingi hupanga karo, ujenzi na madeni kwa kuitegemea bonasi hiyo.

Rekodi ya kilo ni kazi ya Excel au Calc ya LibreOffice. Wengi huiandika Word kwa sababu jedwali la Word linapendeza, halafu hujumlisha kwa kikokotoo cha simu. Jedwali hilo halijumlishi lenyewe, na kosa moja la kidole hupita bila kuonekana. Katika Excel zinatosha safu nne: tarehe, kituo, kilo, namba ya risiti. Lakini lazima safu ya kilo iwe na tarakimu peke yake. Ukiandika "45kg" ndani ya kisanduku, Excel huyachukua hayo kuwa maneno, na fomula ya kujumlisha huyaruka bila kukuonya. Vivyo hivyo tarehe: ukiandika leo kwa njia hii na kesho kwa njia nyingine, kompyuta haitaweza kuzipanga. Ni afadhali pia kuwa na jedwali moja refu la mwaka mzima kuliko kurasa kumi na mbili zilizotengana, kwa kuwa jedwali moja hutoa jumla ya mwezi, ya kituo au ya mwaka kwa fomula moja. Mkulima mwenye jedwali hilo hulinganisha kilo zake na taarifa ya kiwanda mapema, wakati malalamiko bado yana uzito.

Barua na kumbukumbu za mkutano ni kazi ya Word au Writer. Kinachotumwa kwa ofisi kitumwe kama PDF, ili mistari isiruke kwenye kompyuta ya mpokeaji, lakini faili la asili lisifutwe, maana ndilo litakalohaririwa baadaye. Hapa kuna mtego mmoja: Windows, isipoamriwa vingine, huficha herufi za mwisho za jina la faili, kama docx, pdf au xlsx. Barua mbili, moja ya kuhariri na moja ya kutuma, huonekana zina jina moja. Programu hatari nayo hujificha humohumo ikijifanya picha. Kuziwasha herufi hizo katika mipangilio ya Windows ni kazi ya dakika moja, na ingefaa iwe somo la siku ya kwanza.

Jina la faili

Kuwa na folda ndani ya folda si jambo lililokuwapo tangu kompyuta zianze. Wazo hilo lilielezwa mwaka wa 1965 na wabunifu wa mfumo wa Multics nchini Marekani, likaingia katika Unix, na lilifika kwenye kompyuta ndogo zenye programu za Microsoft kupitia toleo la pili la MS-DOS mwaka wa 1983. Hata wakati huo jina la faili halikuzidi herufi nane na nyongeza ya herufi tatu. Windows 95 ndiyo iliyowapa watumiaji wa kawaida wa Microsoft majina marefu, hadi herufi 255. Uhuru wa kuliita faili kwa jina linaloeleweka tumekuwa nao tangu mwaka wa 1995, na bado diski zetu zimejaa "Document1", "Scan0001" na "New folder".

Wenye viwanda vya chai walishalijibu swali hili la majina kwa njia yao. Chai ikishakaushwa huchujwa kwa daraja: BP1, PF1, PD, D1 na nyinginezo. Kila shehena huandikwa jina la kiwanda, daraja na namba ya ankara kabla ya kusafirishwa kwenda mnada wa Mombasa. Mnunuzi aliye mbali hahitaji kupasua mfuko kujua kilichomo, na chai ikiwa na kasoro hufuatiliwa hadi kiwanda ilikotoka. Jina la faili lifanye kazi hiyohiyo: limwambie msomaji kilichomo, ni cha nani na ni cha lini, kabla hajalifungua.

Tarehe ndiyo nguzo ya jina. Kenya tumezoea kuandika siku, mwezi, mwaka, tukitenganisha kwa mkwaju. Windows haikubali mkwaju katika jina la faili. Zaidi ya hayo, kompyuta hupanga majina kuanzia kushoto, hivyo ukitanguliza siku, kumbukumbu za tarehe 1 Machi 2023 zitakaa jirani na za tarehe 1 Februari 2024. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kilichotolewa mwaka wa 1988, kinatanguliza mwaka: 2024-10-15. Ukiliita faili "2024-10-15 Kumbukumbu za chama", mikutano yote itajipanga kwa mfuatano wa kweli bila wewe kugusa kitu. Na badala ya kuandika "final", kisha "final mpya", kisha "final kabisa", weka namba mwishoni: v1, v2, v3. Namba kubwa ndiyo ya karibuni, na hakuna atakayeuliza tena.

Folda zenyewe ziwe chache. Nyumba ya mkulima inaweza kutosheka na sita: vitambulisho na vyeti, shamba, ushuru na leseni, shule, afya, chama. Ndani ya kila moja, folda za miaka. Anayeishi na kufanya biashara pande mbili za mpaka agawanye ya ushuru na leseni kwa kaunti. Zaidi ya ngazi tatu, mtu huanza kusahau alikopita.

Je, kutafuta hakutoshi?

Wapo wanaosema kupanga mafaili ni kazi ya zamani, kwa sababu siku hizi unaandika neno na kompyuta inalitafuta. Hoja hiyo ina uzito kwa mtu ambaye kazi yake ni maandishi matupu. Kwa saiba za masoko yetu inashindwa kwa sababu ya wazi: sehemu kubwa ya mafaili yao ni picha. Kitambulisho kilichopitishwa kwenye skana hakina neno ambalo utafutaji wa kawaida wa Windows unaweza kulishika. Kinachoweza kutafutwa ni jina la faili peke yake, na kama jina ni "Scan0001", hakuna cha kutafuta.

Wengine hulaumu uvivu wakiona skrini iliyojaa mafaili kila pembe. Hapo pia tuwe waangalifu. Mwaka wa 1983 mtafiti Thomas Malone alichapisha uchunguzi wake kuhusu jinsi watu wanavyopanga meza zao za ofisini. Aliona kwamba wapo wanaopanga na wapo wanaorundika, na kwamba rundo lina kazi yake: humkumbusha mtu jambo ambalo bado hajalimaliza. Faili lililo mbele ya macho ni deni la kazi. Dawa basi si kumgombeza anayerundika. Ni kulipa rundo mahali pake: folda moja iitwayo "Kazi ya wiki hii", inayoonekana wazi, na siku moja ya wiki ya kuyatoa humo yaliyokwisha na kuyapeleka yanapostahili.

Simu imeongeza ugumu wa aina yake. Hati nyingi sasa huingia saiba kwa WhatsApp, zikatua katika folda ya Downloads na majina marefu ya tarakimu ambayo hakuna aliyeyachagua. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora, na maandishi madogo ya cheti huweza kufifia hadi ofisi ikayakataa. Ni bora kuituma kama hati, na anayeipokea aibadilishe jina papo hapo, mwenye nayo akiwa bado amesimama mbele yake.

Nakala ya pili iko wapi?

Nyanda hizi za juu zina mvua nyingi, radi na mvua ya mawe, na stima hupotea bila taarifa. Word hujihifadhia nakala ya dharura kila dakika kumi isipobadilishwa, lakini dakika kumi za mchapaji hodari ni kurasa. Kidole kizoee Ctrl na S kila aya inapoisha. Radi ikianza, kompyuta ichomolewe ukutani.

Hatari ya pili ni flashi. Hupita saiba hadi saiba ikibeba virusi, kimojawapo kile kinachoyaficha mafaili na kuacha njia za mkato mahali pake. Wengi hudhani kazi yao imepotea, wakaisafisha flashi yote, na hapo ndipo inapopotea kweli. Kumbuka pia kwamba faili linalofutwa kwenye flashi haliendi kwenye pipa la Windows. Likifutwa, limekwenda. Flashi ni chombo cha kusafirishia, haifai kuwa ghala pekee.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliieneza kanuni iliyo rahisi kukumbuka: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine kabisa. Hilo la mwisho lina uzito wake hapa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mpaka wa Sotik na Borabu ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizokumbwa na ghasia za mwanzoni mwa 2008, na nyumba na maduka yakachomwa. Nyumba inapoungua, vyeti vya shule, hati za shamba na daftari za biashara huungua nayo. Nakala ya kompyuta haichukui nafasi ya hati ya asili mbele ya sheria, lakini humpa mtu namba, tarehe na majina ya kuanzia anapokwenda kuomba nyingine. Ghala la mtandaoni la Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo. Kurasa elfu moja zilizoskaniwa kwa kilobaiti 500 kila moja hazijazi hata gigabaiti moja. Hati zote muhimu za ukoo zinaenea humo. Ila tahadhari: ghala linalojilinganisha lenyewe na kompyuta hufuta unapofuta. Kwa hiyo bado ni lazima kuwe na nakala moja iliyochomolewa, kwenye diski ya nje iliyowekwa kwa ndugu au rafiki unayemwamini.

Siri za watu kwenye diski ya mtu mwingine

Jambo zito kuliko yote huachwa mwisho katika mafunzo, au huachwa kabisa. Folda ya Downloads ya saiba yenye shughuli nyingi inaweza kuwa na vitambulisho, PIN za KRA, taarifa za benki na ripoti za hospitali za mamia ya watu wasiojua kwamba bado zimo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inataka taarifa za mtu zisihifadhiwe kupita muda wa kazi iliyozileta. Diski iliyoachwa wazi humpa mhalifu malighafi ya kuombea mikopo au kusajili laini kwa jina la mwingine.

Katika soko linalohudumia jamii mbili zilizowahi kuumizana, kulinda karatasi za jirani ni kulinda pia imani kati ya watu. Mwenye saiba aweke desturi: kazi ya mteja ikiisha naye akishakabidhiwa, mafaili yafutwe jioni hiyo na pipa limwagwe. Nywila za wateja zisihifadhiwe kwenye kivinjari. Mteja naye asiondoke kabla ya kutoka kwenye akaunti yake ya eCitizen, iTax au barua pepe.

Hukumu

Nikipima yote haya, naona kwamba upungufu mkubwa wa kompyuta katika masoko yetu si programu wala mashine. Word ya zamani kwenye mashine ya mtumba inatosha kuandika barua nzuri, na LibreOffice haidai senti. Upungufu ni nidhamu ya mafaili, nayo haihitaji fedha. Inahitaji kufundishwa.

Kwa hiyo nawaomba wenye vyuo vya pakeji waufanye utunzaji wa mafaili kuwa somo la kwanza na mtihani wa mwisho. Mpeni mwanafunzi flashi yenye mafaili yaliyochanganyika, mwambieni ayape majina, ayapange, atoe nakala, kisha alilete lile mtakalolitaja ndani ya dakika moja. Akishindwa, cheti kisubiri. Wenye saiba, safisheni Downloads kila jioni. Nawe msomaji, kabla ya wiki hii kwisha, tenga saa moja: fungua folda ya vitambulisho na vyeti, yape majina na tarehe mafaili yote yaliyomo, na upeleke nakala moja mahali ambapo moto wa nyumba yako hauwezi kufika.